Kujinadi kwa madaktari wa meno hakukuanzia kwenye simu
Kuna mwandishi mmoja kaandika kwamba madaktari wa meno wameanza kujitangaza juzi tu, mitandao ya kijamii iliposhika kasi. Hapana bwana! Mwanzoni mwa karne ya 20 kule Marekani alikuwepo Painless Parker, yaani Parker Asiyeumiza. Alizunguka na bendi ya tarumbeta, anang'oa watu meno hadharani, shingoni kavaa mkufu wa meno 357 aliyodai kuyang'oa kwa siku moja. Tarumbeta zilivuta wateja, na zilizima mayowe pia. Alipobanwa kisheria California kwa kujiita "asiyeumiza", mwaka 1915 alibadilisha jina lake rasmi likawa Painless. Sasa utamshtaki mtu kwa jina lake?

Wenye taaluma walitaka matangazo yapigwe marufuku, na mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali sheria ya Oregon iliyowabana madaktari wa meno, hata kutangaza bei. Marufuku za namna hiyo zilianza kulegea miaka ya 1970. Sawa tu, maana bei ikifichwa anayeumia ni mgonjwa.

Kinachonikera mimi ni picha za "kabla na baada". Ya kwanza imepigwa kwenye mwanga hafifu, midomo imekauka. Ya pili taa kali, na dada wa watu kapakwa rangi nyekundu ya mdomo, ambayo yenyewe tu hufanya meno yaonekane meupe. Ya tatu, ya miaka 15 baadaye, haiwekwi kamwe. Jino lenye afya likishasagwa ili livishwe gamba la kauri, ile enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hairudi tena.