Viungo wa United Waliosahauliwa: Mabaraza ya Mombasa Yana Haki Kiasi Gani?

Katika mabaraza ya kahawa ya Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo na Kisauni, mazungumzo ya mashabiki wa Manchester United yamebadilika sura. Zamani, ikitajwa enzi ya kocha Sir Alex Ferguson, majina yaliyotangulia yalikuwa Cantona, Beckham, Ronaldo na Rooney. Siku hizi, dele likishazunguka mara ya pili, majina yanayotajwa kwa uchungu zaidi ni Michael Carrick, Darren Fletcher, Nicky Butt na Park Ji-sung, wachezaji ambao walipokuwa uwanjani ni wachache waliojishughulisha kununua jezi zao. Hoja ya mashabiki hawa, wengi wao wa umri wa makamo, ni kwamba utukufu wa klabu ulibebwa na viungo hao, yaani wachezaji wa katikati ya uwanja, kwamba hawakupewa haki yao, na kwamba timu ingempata mmoja tu wa aina yao isingefikwa na masaibu yaliyoifika tangu Ferguson astaafu mwaka 2013. Vijana wanaoketi nao huwajibu kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba wazee wanawapamba wachezaji wa kawaida kwa sababu ya machungu yaliyofuata.

Ubishi huu unastahili kupimwa kwa mechi zenyewe, kwa kuwa kila upande una ukweli wake, na kila upande huruka ule ukurasa unaouumiza.

Tuanze na Carrick, maana kesi yake ndiyo yenye nguvu. Alinunuliwa kutoka Tottenham Hotspur mwaka 2006 akapewa jezi namba 16 iliyoachwa na Roy Keane, na nadhani kosa la kumhukumu lilianzia hapo. Keane alikuwa nahodha wa kukemea wenzake hadharani na kuingia kwa nguvu zote kwenye kila mpira wa kugombewa. Carrick alikuwa mtu wa kusimama pale ambapo pasi ya wapinzani ilikuwa karibu kupita, akaikata bila kuanguka chini, kisha akausukuma mpira mbele katikati ya viungo wawili kabla hawajageuka. Mashabiki waliozoea kupima bidii kwa jasho na kadi za manjano walimwona mvivu. Hata hivyo United, ambayo haikuwa imetwaa ligi tangu 2003, iliichukua katika misimu mitatu ya kwanza ya Carrick mfululizo, 2007, 2008 na 2009, na akaongeza mataji mengine mawili mwaka 2011 na 2013.

Ziko pia ithibati ambazo hazitoki kwa wapenzi wa klabu. Timu ya taifa ya England ilimchezesha mechi 34 tu tangu 2001 hadi 2015, katika kipindi ambacho Steven Gerrard alifikisha mechi 114 na Frank Lampard 106. Ilipofika msimu wa 2012-13, wachezaji wenzake wa ligi nzima walimpigia kura akaingia katika kikosi bora cha mwaka. Waliokuwa wakipambana naye kila wiki walijua kitu ambacho makocha wa taifa hawakukifanyia kazi, na hapo madai ya baraza kwamba mtu huyu alidharauliwa yanasimama bila kuhitaji msaada wa mapenzi.

Mashabiki hupenda kuukumbuka usiku wa Aprili 2007, United ilipoifunga Roma mabao 7-1 uwanjani Old Trafford. Bao la kwanza, dakika ya 11, lilikuwa la Carrick: aliupokea mpira nje ya eneo la hatari, akaupinda kwa upole juu ya kipa, ukaingia bila kishindo. Alifunga bao lake la pili pia, kwa kombora safari hii, lakini wengi wakiulizwa leo kuhusu mechi ile hutaja kwanza jina la Ronaldo.

Ushahidi wanaoupenda zaidi ni ule wa Moscow, tarehe 21 Mei 2008, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya dhidi ya Chelsea. Huku kwetu ilikuwa imeshapita saa sita ya usiku mikwaju ya penalti ilipoanza. Ronaldo, aliyekuwa nyota wa timu nzima, alikosa wa kwake. Carrick, Owen Hargreaves na Anderson, viungo watatu, walifunga ya kwao. Nimesikia hoja ikijengwa juu ya mikwaju hiyo kana kwamba ni hukumu ya mahakama, na hapo siwezi kuikubali, kwa sababu penalti huonyesha utulivu wa mtu kwa sekunde chache na haisemi lolote kuhusu jinsi anavyoitawala katikati ya uwanja kwa dakika 90. Anayetaka kumtetea Carrick ana hoja bora zaidi ya hiyo.

Kwa nini basi sifa zilichelewa? Sababu moja inatuhusu sisi tuliotazama kutoka mbali. Mkaazi wa Mombasa alimjua Carrick kupitia skrini ya kibandani, na kamera hufuata mpira. Kiungo anayeziba njia ili pasi isipigwe kabisa huwa amekaa nje ya picha, na marudio yanapoonyeshwa huonyeshwa bao, pengine na pasi ya mwisho, basi. Lakini kasoro hii ni kongwe kuliko runinga. Mji huu ulikuwa na Feisal, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya taifa ya Kenya mwaka 1965, na wazee wanaoisimulia wataanza na waliofumania nyavu. Ukiwauliza nani alikuwa akimkatia mshambuliaji mipira ile, hunyamaza kidogo kwanza. Kumbukumbu ya kandanda huhifadhi mabao, iwe kwa mdomo au kwa picha, na kiungo huanza kuonekana siku pengo lake linapobaki wazi. Kwa hiyo siwalaumu watu wa makamo kwa kugundua thamani ya Carrick baada ya kumkosa. Hapakuwa na njia nyingine rahisi ya kuigundua.

Sasa upande wa vijana, ambao hupuuzwa kwa sababu tu hawakuishuhudia enzi yenyewe. Wao hutaja fainali mbili za Ulaya dhidi ya Barcelona. Mjini Roma mwaka 2009 United ilianza kwa kasi, Ronaldo akapiga mashuti mapema, kisha Samuel Eto'o wa Barcelona akafunga katika dakika ya 10 na mchezo ukahama mikononi mwa United moja kwa moja, hadi Messi akaongeza la pili kwa kichwa. Pale Wembley mwaka 2011 ikawa mabao 3-1. Carrick alianza mechi zote mbili, na katika zote mbili viungo wa Barcelona, Xavi, Iniesta na Busquets, walizungusha mpira huku viungo wa United wakiufuata. Wazee hujibu kwamba ile Barcelona haikuwa na mfano. Ni kweli, lakini mtu anayedai kwamba safu yake ya kiungo ilikuwa ya daraja la juu kabisa duniani hawezi kuiondoa hesabuni timu iliyoipima kwa ukamilifu zaidi.

Kuhusu fainali ya Roma, baraza huwa na jibu la pili, nalo ni Fletcher. Katika nusu fainali ya marudiano dhidi ya Arsenal, Mei 2009, United ikiwa imeshajihakikishia kufuzu, Fletcher alimwingilia Cesc Fàbregas ndani ya eneo la hatari, akaugusa mpira, na bado akaonyeshwa kadi nyekundu. Kanuni hazikuruhusu rufaa ya kumfutia adhabu, akaikosa fainali. Dhuluma ile bado inaniuma, kwa kuwa Fletcher alikuwa ndiye mkimbiaji wa kuwabughudhi wenye mpira, na Mei 2009 alikuwa katika ubora wake. Kijana huyu ndiye aliyefunga kwa kichwa bao pekee mwezi Novemba 2005 lililokata mkondo wa Chelsea ya José Mourinho wa mechi 40 za ligi bila kushindwa. Angepunguza kasi ya Xavi kwa kiasi fulani. Kusema angeubadilisha mchezo mzima ni kumtwika mzigo ambao hata yeye asingeudai.

Isitoshe, wazee huichagua mechi. Husema kwamba siku Manchester City ilipoifunga United 6-1 pale Old Trafford, Oktoba 2011, Carrick hakuanza, na wanaona hiyo ni ithibati tosha. Aliyeanza katikati pamoja na Anderson alikuwa Fletcher, ambaye hata bao pekee la United ni la kwake. Huwezi kumtumia mmoja wa mashujaa wako kama shahidi kwa kutokuwepo kwake na ukamficha mwingine aliyekuwepo. Inafaa kuongeza, kwa haki yake, kwamba miezi miwili baadaye ilitangazwa kuwa Fletcher anaugua maradhi sugu ya utumbo, na kwamba mtu tuliyemwona msimu ule hakuwa na afya ya 2009.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinakosa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba wa kwanza kutowathamini viungo hawa ilikuwa klabu yenyewe. Hargreaves na Anderson walisajiliwa mwaka 2007. Tangu hapo hadi aliponunuliwa Marouane Fellaini Septemba 2013, United haikumleta kiungo mwingine aliyekomaa wa kukaba na kugawa mipira katikati. Majeraha yalimmaliza Hargreaves, ugonjwa ukamwondoa Fletcher, Paul Scholes akastaafu mwaka 2011, na badala ya kununua mtu, Januari 2012 klabu ikamrudisha Scholes yuleyule akiwa na umri wa miaka 37. Kabla ya hapo, Desemba 2009, mabeki walipoumia kwa mkupuo, Carrick na Fletcher walirudishwa nyuma kuwa mabeki. Kule Wolfsburg ikafaulu, 3-1, kwa mabao matatu ya Michael Owen. Siku kumi na moja baadaye Fulham wakaiadhibu timu hiyohiyo 3-0.

Kwa kuwa Carrick alikuwa akiziba kila tundu bila kelele, walioshika fedha waliona hakuna tundu. Msimu wa 2012-13 United ilikuwa bingwa kwa tofauti ya pointi 11, na msimu uliofuata, chini ya kocha David Moyes, ikamaliza nafasi ya saba. Baraza huusoma mporomoko huo kama ithibati ya ukubwa wa viungo wa zamani. Mimi nausoma kama deni la miaka sita lililofika siku ya kulipwa, na Carrick mwenye miaka 32 ndiye aliyeachwa alilipe. Kwa hiyo msemaji wa barazani anaposema kwamba Carrick peke yake alitosha, namkubalia sifa na namkatalia hesabu, kwa sababu maneno hayo hayo ndiyo yaliyowafanya wakubwa wa klabu wasinunue mtu.

Orodha yenyewe nayo inahitaji kupunguzwa. Anderson ana mkwaju wake wa Moscow na mechi chache nzuri za mwanzo, na vijana wana haki wanaposema kwamba kipaji chake hakikukomaa. Park sina shaka naye, ingawa mara nyingi alichezeshwa pembeni. Aliachwa nje ya kikosi kabisa katika fainali ya 2008, na Machi 2010 alimfuata Andrea Pirlo wa Milan hatua kwa hatua hadi Mtaliano yule akashindwa kupanga mchezo, United ikashinda 4-0. Lakini Butt ndiye anayenishangaza. Hata wazee humtaja mwisho, na pengine wakamsahau. Tarehe 26 Mei 1999, katika fainali ya Ulaya mjini Barcelona, Keane na Scholes walikuwa wakitumikia adhabu, Beckham akahamishwa kutoka winga ya kulia, na Butt ndiye aliyekuwa kiungo wa kati wa kweli aliyebaki mbele ya Bayern Munich iliyokuwa imeongoza tangu dakika ya sita. Alicheza hadi mwisho. Sheringham na Solskjær wakafunga katika dakika za nyongeza, na katika watu wote wanaotajwa kwenye ubishi huu, Butt ndiye pekee aliyelibeba eneo lile katika fainali ya Ulaya bila Keane wala Scholes, na kikombe kikaenda Manchester.