Ukiona milisekunde 40, wacha nyaya

Seva mbili ziko chumba kimoja, kwenye swichi moja ya mtandao. Ukipiga ping (ujumbe mdogo wa kupima mtandao), jibu linarudi chini ya milisekunde 1. Lakini programu yetu ikituma ombi, jibu linachukua 41. Mchana 41, usiku wa manane 41. Tulibadilisha waya, tukabadilisha swichi, wapi!

Hiyo namba ndiyo ilipaswa kutushtua mapema. Msongamano wa mtandao hupanda na kushuka. Ucheleweshaji usiotikisika kati ya seva jirani mara nyingi hutoka kwenye kipima muda kilichowekwa na mtu ndani ya mfumo endeshi. Linux ina milisekunde 40 zake, Windows kwa miaka mingi ilikuwa na 200.

Nikawasha tcpdump, programu inayoonyesha kila pakiti (kifurushi cha data) inayopita. Pakiti ya kwanza ina baiti 4, kichwa cha ujumbe tu. Kisha kimya. Milisekunde 40 baadaye uthibitisho wa kupokea unaingia, na papo hapo mwili wa ujumbe unaondoka.

Ni mbinu mbili nzuri za TCP, itifaki inayosafirisha data kwa uthibitisho, zilizokwamishana. John Nagle, katika RFC 896 ya 1984 (RFC ni waraka wa kanuni za intaneti), alisema kama data uliyotuma haijathibitishwa, usitume kipande kingine kidogo, subiri. Kwa upande wake mpokeaji huchelewesha uthibitisho ili aupakie pamoja na jibu lake. RFC 1122 ya 1989 inamruhusu, mradi asifikishe nusu sekunde. Basi huyu anangoja uthibitisho, yule anangoja ujumbe ukamilike.

Wengi hukimbilia TCP_NODELAY, mpangilio unaozima mbinu ya Nagle. Inafanya kazi, nami huitumia, ila sikubali iwe dawa ya kwanza. Programu inaendelea kumwaga pakiti za baiti 4, kila moja imebeba angalau baiti 40 za vichwa vya IP na TCP. Sisi tuliweka kichwa na mwili kwenye bafa moja (sehemu moja ya kumbukumbu), tukatuma kwa mkupuo. 41 ikayeyuka.

Kilichoniuma zaidi ni majaribio yetu, maana yalipita yote. Linux huthibitisha harakaharaka muunganisho ukiwa mpya, ndipo baadaye huanza kuchelewesha. Jaribio letu lilifungua muunganisho, likatuma ombi moja, likafunga. Lingeona nini? Siku hizi linatuma maombi 100 kwenye muunganisho uleule, na muda wa kila moja unaandikwa.