Andika usiku, ufike asubuhi

Kwetu simu ikilia saa nane usiku hakuna anayewaza habari njema. Mama anakurupuka, anapapasa miwani, moyo unamwenda mbio: nani amefariki? Kumbe ni mhazini wa kikoba anakumbusha hisa za Jumamosi.

Mimi ni mhazini, na hesabu nazifunga watoto wakishalala. Ndipo ninapoona nani hajaleta marejesho, na nisipoandika saa ileile, kesho pilikapilika za dukani zinanisahaulisha. Kwa hiyo naandika, ila situmi. Kwenye Google Messages, programu ya SMS ya simu za Android, nabonyeza kitufe cha kutuma bila kukiachia, naulizwa siku na saa, nachagua saa mbili asubuhi. Hapo uwe makini: saa mbili yetu simu inaiandika 8:00 AM. Ukiweka 2:00 AM, umemwamsha mtu saa nane usiku, jambo lilelile ulilotaka kumwepusha nalo. Na simu yako iwe imewashwa, ina chaji, mtandao na salio, maana ujumbe unakaa humo mpaka muda wake ufike.

Telegram wana huduma hii tangu 2019. Wenye iPhone waliipata 2024 na iOS 18, toleo la mfumo wa simu hizo, kwa iMessage tu, yaani ujumbe wa vifaa vya Apple kwa Apple, na huwezi kupanga zaidi ya siku 14 mbele. Ndugu zetu walio Minneapolis, Marekani, ndio wanaoihitaji kuliko wote. Wakitoka kazini saa kumi jioni, Dar es Salaam ni saa sita usiku, na kwenye baridi yao inakuwa saa saba.

Wapo wanaosema ujumbe wa kupangwa hauna moyo. Sikubaliani nao kabisa. Aliyeandika Jumanne salamu za kuzaliwa za Ijumaa amekukumbuka mapema, na maneno ni yake. Kumwachia mtu usingizi wake ni heshima, hasa mzee mwenye presha.

Rambirambi tu ndizo sizipangi. Hizo napiga simu, au naenda. Na kila asubuhi, kabla ya saa mbili, napitia ujumbe unaosubiri. Nikisikia mwanachama amefiwa usiku, naufuta wake palepale. Marejesho tutayazungumza baada ya arobaini.