Usingizi wa nesi uandikwe kwenye ratiba

Ilikuwa saa tisa na robo usiku, zamu yangu ya nne mfululizo. Mtoto wa kilo 6 alikuwa na homa kali, na daktari alikuwa ameandika parasetamoli ya mshipa, miligramu 45. Chupa yake ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo hesabu ni nyepesi mno: mililita 4.5. Niliipiga kichwani, nikaipata sawasawa. Kisha nikachukua bomba kubwa la sindano nikavuta mililita 45.

Sikushtuka. Ningeulizwa wakati ule ningeapa kwamba niko macho kabisa. Dada mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi alikuwa anapita na trei, akasimama, akanitazama mkononi. "Mdogo wangu, bomba lote hilo la nani?" Nikamtajia namba ya kitanda. Hakunijibu. Alilichukua tu, akalimwaga kwenye sinki, tukapima upya wawili wetu, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikivuta.

Niliandika taarifa ya tukio, kama inavyotakiwa. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili: niwe makini zaidi. Tukapangiwa na semina ya kujitunza, saa mbili na nusu asubuhi, wakati ambao nusu yetu tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka zamu. Mkufunzi alitueleza umuhimu wa kulala saa saba hadi nane kila siku. Mwenzangu wa kulia alikuwa ameshaanza kukoroma.

Tangu siku ile nina ugomvi na neno "umakini". Uchovu wa wahudumu wa afya unazungumzwa kama vile ni tabia: fulani ni mvivu wa kulala mapema, fulani anakesha na simu. Mimi naona ni suala la ratiba ya zamu, na ratiba ina mwandishi wake.

Wanasayansi nchini Marekani walichapisha mwaka 2003 matokeo ya watu waliolazwa saa sita tu kwa usiku kwa muda wa siku 14 mfululizo. Uwezo wao wa kumakinika uliporomoka siku hadi siku mpaka ukalingana na wa mtu aliyekesha usiku mzima. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Hapo ndipo ninapojiona mimi na bomba langu. Kumwambia mtu aliyechoka ajichunge mwenyewe ni kumwuliza mlevi kama anaweza kuendesha gari. Nao ulevi sikuutaja kwa mzaha. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anatenda kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinakutoa barabarani. Sisi kikitufika ndipo tunakabidhiwa funguo za kabati la dawa.

Mazoea haya yana asili yake. Mtindo wa kuwafunza madaktari kwa kuwaweka hospitalini mchana na usiku ulijengwa na William Halsted, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Alisifika kwa kutochoka. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa mtumwa wa kokeini, kisha wa mofini. Sisemi kila aliyefuata nyayo zake alikuwa hivyo, ila inachekesha kidogo (kicheko cha saa kumi alfajiri) kwamba kipimo cha ustahimilivu tulichorithi kinatoka kwa mtu huyo.

Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa mikononi mwa madaktari wanafunzi waliokuwa kwenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake, mwandishi wa habari, hakunyamaza. Kufikia 1989 jimbo hilo lilikuwa limeweka ukomo wa saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 ukomo huo ukaenea kwa madaktari wanafunzi wa nchi nzima. Saa 80! Hiyo ndiyo iliyoitwa nafuu.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza. Ukikata zamu, unaongeza makabidhiano ya wagonjwa kati ya zamu na zamu, na kila makabidhiano yanadondosha kitu: mzio ambao hakuna aliyeutaja, kipimo ambacho hakuna aliyekifuatilia. Mwaka 2011 Wamarekani waliweka ukomo wa saa 16 mfululizo kwa madaktari wa mwaka wa kwanza, na mwaka 2017 wakaurudisha kwenye 24, na nyongeza ya hadi saa nne za kukabidhi. Kwa hiyo kupunguza saa peke yake hakutoshi. Na kuna wodi ambazo hakuna cha kupunguza. Nesi ni mmoja, akiondoka hakuna mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria upungufu wa wahudumu wa afya wapatao milioni 11 ifikapo 2030.

Ndiyo maana mimi nang'ang'ania kitu kidogo zaidi: lepe la usingizi ndani ya zamu ya usiku, liandikwe kwa jina na kwa saa, kama tunavyoandika dozi kwenye chati.

Marubani walishafika huko. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, NASA, shirika la anga la Marekani, iliwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya kulala dakika 40 kwenye viti vyao, kwa zamu, mwenzake akishika usukani. Walilala wastani wa dakika 26 tu, na wakawa macho zaidi kuliko wale ambao hawakupewa nafasi hiyo. Kwetu hali ni nyingine. Kila mtu analala kidogo, lakini kwa kuiba: kichwa mezani juu ya mafaili, sikio moja wazi, moyo ukidunda kila mlango ukilia. Usingizi wa mang'amung'amu haupumzishi mtu, na ukifumaniwa unaandikiwa barua.

Usingizi ukiandikwa kwenye ratiba, unaweza kuwekewa masharti. Unamkabidhi mwenzako wagonjwa wako kwa mdomo na kwa maandishi. Unalala kama dakika 20, au kama watu wanatosha, saa moja na nusu. Ukiamka hupimi dawa papo hapo, kwa sababu ubongo huchukua robo saa mpaka nusu saa kurudi mahali pake; unanawa uso, unapita kuangalia dripu, ndipo unashika sindano. Na ni vizuri lepe hilo liwe limekwisha kabla ya ile saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri, mwili unapopoa na kope kuwa nzito kama mawe.

Mengine kila mtu anayajua. Kahawa inywewe mwanzoni mwa zamu, kwa kuwa saa tano baadaye karibu nusu yake bado iko mwilini. Chumba cha kulalia mchana kiwe giza. Zamu zizunguke kutoka asubuhi kwenda mchana kwenda usiku, si kinyumenyume. Na aliyekesha asiendeshe gari kurudi nyumbani akiweza kuepuka.

Tulikuwa na mkuu wa wodi mmoja aliyenielewa. Alitoa maboksi kwenye stoo ndogo, akaweka kitanda cha kupimia wagonjwa kilichovunjika gurudumu, akakiegemeza kwa tofali. Kisha kwenye ratiba, pembeni ya majina ya zamu ya usiku, akapiga mstari kwa penseli na kuandika juu yake "analala", na chini yake saa ya kila mmoja. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Katika kipindi hicho ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza wenzangu wakisahihishana hesabu alfajiri bila kununiana.

Ile safu ya penseli ilidumu miezi saba. Baadaye ratiba zikaanza kutolewa kwa kompyuta, na programu haikuwa na mahali pa kuiweka.