Nakshi ya kupapaswa

Hina ikikorogwa sawasawa, haitiririki wala haikatiki. Mpakaji anakamua koni, na ua linatoka limetuna juu ya kiganja cha bibi harusi. Kila nikitazama picha za vikombe vya Kirumi vya bonde la mto Nene, Uingereza, nauona mkono wa mpakaji hina.

Wafinyanzi wa Durobrivae, mji wa Kirumi karibu na Peterborough ya leo, walifanya kazi hii tangu karne ya 2. Kikombe kikishatoka kwenye gurudumu waliacha kikauke nusunusu, ndipo wakakamua juu yake uji mzito wa udongo: mbwa, sungura, mbwa tena, kulungu. Wanyama wanazunguka kikombe kizima wakifukuzana, na mbwa hamfikii sungura ng'o. Kisha kikombe kilipakwa uji mwepesi wenye chuma, kikaingia tanurini, kikatoka cheusi au kahawia.

Wengi husifia zaidi vyombo vyekundu vya Gaul (Ufaransa ya leo), vile vya kalibu. Mimi vinanichosha. Kalibu hutengenezwa mara moja, halafu sura ileile inarudiwa weee mpaka basi. Uji wa udongo hauna subira hiyo. Mkono ukisita, mstari unafanya kibonge, ukikimbia, unakatika. Na kikombe kikiwa kimekauka kupita kiasi, nakshi inabanduka, kwa sababu uji mbichi bado unasinyaa ilhali mwili wa kikombe umeshamaliza kusinyaa. Ndiyo maana nawasamehe mbwa wenye miguu kama fito.

Chombo cha Colchester, mji mwingine wa Uingereza, cha takriban mwaka 175, kina hata wapiganaji wa ulingoni. Valentinus ameshindwa na Memnon, ameinua kidole kuomba asiuawe. Majina yao yalichorwa kabla udongo haujachomwa, kwa hiyo yaelekea kuna mtu aliyeagiza chombo hicho makusudi. Mwishowe kikatiwa majivu ya maiti.

Ugomvi wangu ni na vioo na taa za makumbusho. Taa ikipigwa usoni, mwinuko wote unalala, na mgeni anaondoka akidhani ameona picha iliyopakwa rangi. Ipigwe ubavuni, mbwa waote vivuli. La sivyo, wawape watu kigae kimoja tu, chenye mguu wa mbwa, wapitishe kidole gumba.