Picha haitazamwi kimya

Jumamosi nilikwenda kuangalia The African Queen kwenye ukumbi mdogo hapa Hamburg unaoonyesha filamu za zamani tu. Watu walijaa, wazee kwa vijana. Ile meli ya Wajerumani ilipotokea ziwani nikamwambia rafiki niliyekuja naye, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndiyo Liemba yetu hiyo." Mama wa kiti cha jirani akanigeukia, akaweka kidole mdomoni.

Nilinyamaza. Lakini limenikaa moyoni, kwa sababu mle ndani hakuna aliyekuwa na haki ya kusema kunishinda mimi.

Filamu ile ni ya 1951. Aliyeiongoza ni John Huston, na Humphrey Bogart alipata Oscar yake pekee kwa kuicheza. Imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935, na riwaya yenyewe imechota kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa ziwani kwetu, Tanganyika. Meli ya kwenye filamu inaitwa Louisa na mwishoni inalipuka. Ile ya kweli iliundwa Papenburg, mwendo wa saa chache kwa treni kutoka ninapoishi, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Haikulipuliwa na mtu. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipoona wanashindwa, baada ya kuipaka mitambo grisi ili isiharibike. Waingereza wakaiopoa 1924, na kuanzia 1927 ikaitwa Liemba. Mimi nimelala juu ya sitaha yake, katikati ya magunia ya dagaa, nikielekea Kasanga. Halafu naambiwa ninyamaze!

Filamu ilipoisha, msimamizi wa onyesho la jioni ile alizungumza muda mrefu kuhusu rangi na namna kamera nzito zilivyobebwa hadi Uganda na Kongo. Alizungumza vizuri, sina ubishi. Nikanyoosha mkono, nikasema meli hiyo bado ipo Kigoma. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Mzee mmoja alinifuata hadi mlangoni akitaka nimweleze kila kitu. Nilijisikia fahari ambayo sijaisikia siku nyingi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu. Watu hawa wanaipenda filamu ya zamani kwa kuitunza. Wanaisafisha, wanaihifadhi, wanailipia tiketi, wanaitazama kama wako ibadani. Sisi tuliipenda kwa kuongea nayo. Na mimi sikubali hata kidogo kwamba mapenzi yetu yalikuwa ya watu wasiojua sinema.

Waliokulia Mwanga au Gungu, mitaa ya kwetu Kigoma, wananielewa. Picha la Kihindi likiwekwa kwa jirani mwenye video, wakubwa kwenye viti, watoto mkekani, na waliokosa nafasi dirishani. Mother India, ya 1957, niliiona hivyo. Nargis anacheza Radha, mama aliyelea watoto kwa jembe baada ya mume kupoteza mikono na kutoweka, na mwishoni anampiga risasi Birju, mwanawe mwenyewe aliyekuwa jambazi, kwa sababu amemteka msichana wa kijiji siku ya harusi yake. Akina mama wa mtaani kwetu hawakuilia tu. Waliigombania. Mmoja alisema mama wa kweli hawezi. Mwingine akamjibu kwamba mama wa kweli ndiye pekee anayeweza, kwa sababu yule msichana naye ana mama. Mjadala ule ulihamia sokoni kesho yake, ukafika hadi kisimani. Nimesoma uchambuzi mwingi wa filamu ile tangu nije huku, wa maprofesa wenye majina, na sijakuta swali zito kuliko lile lililoulizwa juu ya mkeke Mwanga.

Sholay nayo, ya 1975. Sote tulikuwa tumeapa kwamba steringi hafi. Basi Amitabh Bachchan anakufa, na rafiki yake anagundua kwamba ile sarafu waliyokuwa wakiirusha kuamua mambo ina sura moja pande zote mbili, maana yake marehemu alikuwa amekwisha kuamua kubaki afe yeye. Pale banda zima la video lilikuwa linasimama. Mtafsiri mwenyewe, aliyetusimulia picha kwa Kiswahili, alikuwa ananyamaza kidogo, kisha anaendelea kwa sauti nyingine. Yule mtafsiri, aliyemfanya Gabbar Singh, jambazi wa picha hilo, atukane kwa Kiswahili cha Ujiji, alikuwa msanii. Mnaomkumbuka Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa picha, mnajua ninachosema.

Najua wapo watakaosema nimefika Ulaya nikaanza kuwafundisha watu. Nawajibu: someni tena hapo juu, niliyemtetea ni nani? Wapo pia watakaosema, watu hawana maji, umeme ndio huo mnaoujua, wewe unaleta habari za sinema. Ndugu yangu, ni lini umeme ulituzuia? Ulikatika Gabbar akiwa ameinua bunduki, tukakaa gizani tukisimuliana kitakachofuata mpaka jenereta ikawashwa. Shida haikuwa umeme. Tulikuwa na mapenzi makubwa kuliko ya hawa, tukaacha yapotee, na hilo ndilo linalonitia hasira.

Maana kanda ziko wapi? Zile sauti za watafsiri zilirekodiwa juu ya mikanda ileile ya video, mikanda ikaliwa na vumbi, ikatupwa CD zilipoingia, CD nazo zikatupwa. Mabanda yamebaki ya mpira. Mwaka 2025 Sholay imesafishwa upya na kuonyeshwa Bologna, Italia, na ule mwisho wake wa asili ambao wakaguzi wa serikali ya India waliukataa, Thakur, yule aliyewakodi mashujaa, akimuua Gabbar badala ya polisi kumchukua. Nusu karne imepita, na watu wamekwenda kutafuta vipande vilivyokatwa! Sisi nani amehifadhi hata dakika kumi za picha lililotafsiriwa?

Utasema kila kitu kipo kwenye simu. Kipo, na kila mtu anakitazama peke yake kitandani, sikioni kuna waya. Hapo tumepoteza vyote viwili, utunzaji wa hawa na kelele zetu. Nimewauliza vijana wa nyumbani kama wameiona The African Queen, filamu ya ziwa wanalooga kila siku. Hawajaisikia. Wakati mtu wa Hamburg anaijua hadi sehemu ile Katharine Hepburn anapomwaga pombe ya Bogart yote mtoni, chupa baada ya chupa, naye amekaa anatetemeka. Fikirini sehemu hiyo ikionyeshwa Kibirizi, kwetu Kigoma, mbele ya wavuvi. Fikirini watakachosema.

Kwa hiyo nasema waziwazi. Nimeanza kuulizia kibali cha kuionyesha hadharani, gharama hiyo niachieni mimi. Mwenye projekta Kigoma mjini ajitokeze, na mwenye kanda yoyote ya zamani iliyotafsiriwa asiitupe, aniandikie, tutaihamisha kabla haijaoza. Mtafsiri natafuta pia, na sharti langu kwake ni kwamba awe amewahi kusafiri na Liemba, ili ikifika pale meli inapolipuka aweze kusimamisha picha na kuwaambia watu ilivyokuwa kweli.