Skrini ikiwa nyekundu kila siku, macho yanazoea

Nimekaa miaka kadhaa kwenye zamu za usiku, kile chumba cha skrini kubwa cha kuangalia mtandao wa simu, sisi tunakiita NOC, na nilichokuja kuamini ni kwamba minara yetu ya simu haina shida ya alamu chache (yale maonyo mtambo unayotuma ukiona tatizo), ina shida ya alamu kibao ambazo hakuna mtu anazifanyia kitu. Unaingia zamu unakuta mistari mia kadhaa, nusu yake iko pale tangu mwezi jana, utafanyaje? Unashusha tu unatafuta mpya.

Saiti moja ya katikati, yaani eneo la mnara na mitambo yake, ambayo minara mingine saba inapitisha mawasiliano kwake kwa redio za maikrowevu, sensa ya mlango ilikuwa mbovu. Kaupepo kidogo tu: mlango umefunguliwa, umefungwa, umefunguliwa, usiku kucha. Tukaiziba ile alamu isitokee tena kwenye skrini, na mi nilikuwepo na nikashukuru kabisa. Sasa usiku mmoja wa mvua, saa kumi alfajiri, saiti ikapotea ghafla na wale saba wa nyuma yake wakapotea nayo, mnara wa jirani unalia haupokei mawimbi, nje mvua inamwagika, basi wote tukasema redio hiyo imekufa. Fundi kaamshwa, kabeba redio ya spea, masaa mawili ya barabara mbovu, kufika anakuta kufuli limekatwa na reki ya betri iko tupu kama kabati la mpangaji aliyehama. Umeme ulikuwa umekatika na betri hazipo, basi.

Kinachouma ni kwamba mtambo ulisema. Tulipofungua logi, saa saba na dakika 12 usiku kuna mstari: betri zimetenganishwa, uzito wake maina, yaani tatizo dogo. Karibu masaa matatu kabla! Na hii hatukuiziba, ilikuwepo kwenye skrini, chini huko na maina wenzake.

Ngazi hizi za kritiko, meja, maina na woning, kuanzia hatari kabisa kushuka hadi tahadhari tu, zimo kwenye kiwango cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kinachoitwa X.733, cha mwaka 1992, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba ipi iwe maina na ipi iwe kritiko mara nyingi tunaacha vile vile mtambo ulivyotoka kiwandani. Saiti za simu kwa kawaida zinatumia volti 48 za DC, betri nne za volti 12 zimeungwa mfululizo. Betri zikiwepo, umeme ukikatika unaletewa alamu, unaona volti zinashuka taratibu, unapata muda wa kutuma mtu na jenereta. Zisipokuwepo, hata alamu ya umeme kukatika haipati nafasi ya kutoka. Kwenye saiti isiyo na jenereta, yenye minara saba mgongoni, hiyo ni maina kwa nani?

Halafu na sisi tulipima kivivu. Mvua ina tabia yake, mawimbi upande wa pili yanafifia, redio inapunguza spidi hatua kwa hatua, inahangaika kwanza ndo inakata. Umeme ukiondoka grafu inakatika kama imepigwa panga. Kuiangalia ni dakika moja, hakuna aliyeiangalia. (Na mkiiangalia hakikisheni saa za mitambo zinalingana, nimeshakuta mtambo unadhani tuko 1970, hapo huwezi kujua kipi kilianza.)

Watu wananiambia dawa ni programu ya akili bandia ya kuunganisha alamu. Sawa, inunuliwe, ila ukiilisha sensa mbovu itakupa ubovu uliopangwa vizuri. Mi ningeanza na vya bei rahisi: alamu isiyo na mtu wa kuifanyia kitu itoke kwenye skrini ya zamu, na ikizibwa iandikwe nani kaiziba na mpaka tarehe gani, ikifika irudi yenyewe hata kama inakera. Pia tusidhani ukimya ni uzima, maana trapu za SNMP, zile taarifa za tatizo mtambo unazotuma wenyewe, mara nyingi zinatumwa mara moja tu bila kusubiri jibu kwamba zimefika, ikipotea njiani imepotea, lazima na sisi tuwe tunauliza mtambo kila baada ya muda kama upo.

Sensa ya mlango ilibadilishwa wiki ile ile. Fundi anasema haikumchukua hata dakika kumi.